Mali Bila Daftari
(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya raia na fedha za mtaa wake. Mimi ni mtumishi wa serikali, lakini leo nitasema kwa lugha ya barazani, si ya ofisini.

Sote tunaijua bajeti inayosomwa katika Baraza la Wawakilishi kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Iko nyengine iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni ya manispaa au baraza la wilaya. Mabaraza haya yalitungiwa sheria mwaka 1995, kisha ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Mchuuzi anayelipa ushuru wa soko na mwenye duka anayelipa ada ya taka wote wametia mkono katika mfuko huo. Basi nani anayesema utumike vipi?

Raia ana milango miwili. Sheha huteuliwa, naye ndiye anayeita mkutano wa shehia. Diwani huchaguliwa, naye hukaa katika baraza linalopitisha matumizi. Tukimwendea mmoja tu, nusu ya maneno yetu hupotea njiani.

Watu wa Unguja hawakungoja kufundishwa kushiriki. Banda la skuli huanza kwa nguvu za wananchi: mchanga, matofali na kazi ya mikono, mpaka kwenye linta, kisha Serikali huombwa iezeke. Kwa sababu ya kazi yangu nilihudhuria mkutano wa shehia moja ya mashamba. Wazee walitaka banda jipya. Akasimama mama mmoja aliyekaa nyuma, akauliza, "Na lile lililofika linta litaezekwa lini?" Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa hakuna aliyekuja na hesabu za mwaka uliopita. Mkutano ukapitisha banda jipya, na lile la zamani likaendelea kuota majani.

Ndugu zangu, kosa la mkutano ule halikuwa uchache wa watu. Watu walijaa. Kilichokosekana ni karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mji wa Porto Alegre, Brazil, ulipoanza mwaka 1989 kuwashirikisha raia katika bajeti, mikutano ya mitaa ilianza kwa kutazama kilichofanyika katika mpango wa mwaka uliotangulia. Hapo ndipo watu wakachagua lipi litangulie.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, hesabu za mwaka uliopita zisomwe kabla ya maombi mapya, na zibandikwe ofisini kwa sheha. Pili, mkutano uitwe mapema, kabla mpango haujapelekwa juu. Ukiitwa baadaye huwa ni kutangaziwa, si kuulizwa. Tatu, wa nyuma waulizwe kabla ya wa mbele.

Hapa tuna wahasibu, wahandisi na walimu. Skuli ilitufundisha kusoma hesabu, na shehia zetu zina haja ya wasomaji hao. Kila mmoja wetu ahudhurie mkutano wa kwake, akae na wenziwe, awasaidie kuifahamu karatasi ile. Asiende kuwaamulia.