Chombo Chepesi, Dhamana Nzito: Kupakua Video kwa Ajili ya Sharika Zisizo na Mtandao

(Maneno yaliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwenye semina ya kamati za miradi za sharika)



Tumeombwa kueleza jambo ambalo vijana wetu wa kompyuta wamekuwa wakilitaja mara kwa mara, yaani kupakua video za mafunzo kutoka kwenye intaneti kwa kutumia programu ndogo, ili zionyeshwe katika sharika na mitaa ambako mtandao haufiki. Baadhi yenu mmeuliza kama inawezekana, wengine mmeuliza kama inaruhusiwa. Tutajibu yote mawili.

Kwanza, faida yake. Tuchukue mfano wa video moja yenye ukubwa wa megabaiti 50. Mitaa 20 ikiitazama mtandaoni mara tatu tatu, tumelipia megabaiti 3,000. Tukiipakua mara moja tu pale ofisini na kuinakili kwenye flashi, tumelipia megabaiti 50, na mtaa unaweza kuirudia hata mara mia. Zaidi ya fedha, mama aliyejifungua juzi huhitaji kuzijua dalili za hatari kwa mtoto mchanga leo, wala hawezi kungoja mnara wa simu ujengwe.

Pili, chombo chenyewe. Wataalamu wa kompyuta huita "maktaba" mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mtu mwingine anaweza kuyatumia katika programu yake. Fundi seremala hatengenezi randa upya kila anapotaka kutengeneza dirisha. Huichukua tu kwenye sanduku lake. Ndivyo ilivyo maktaba ya programu. Mojawapo iliyopata umaarufu kwa kazi hii huitwa pytube, nayo imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Huitwa nyepesi kwa sababu haidai kuwekewa maktaba nyingine ndipo ifanye kazi. Kwa mistari michache kijana huipa anuani ya video, huchagua ubora, kisha huhifadhi faili.

Hapo kwenye kuchagua ubora ndipo penye akiba. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, huhifadhi video ileile kwa ukubwa mbalimbali. Picha ya mistari 360 yatosha kabisa kwa projekta ndogo na shuka jeupe ukutani. Kwa zile za ubora wa juu, picha na sauti huwekwa mbalimbali, na ni lazima ziunganishwe baadaye kwa programu nyingine kama FFmpeg. Aidha, tovuti ikibadilisha mpangilio wake wa ndani, maktaba za namna hii hukwama mpaka zirekebishwe. Hivyo basi, usharika usipange semina ya kesho kwa kutegemea kupakua usiku wa leo.

Tatu, ruhusa. Hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua video ila pale huduma yenyewe inaporuhusu, au kwa idhini ya maandishi ya YouTube na, inapohusika, ya mwenye haki. Nchini kwetu pia ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwamba video inatazamwa bure haina maana kwamba ni mali ya kila mtu. Shamba lisilo na uzio lina mwenyewe.

Jambo hili limewahi kuleta mvutano mkubwa huko Marekani. Tarehe 23 Oktoba 2020, chombo cha aina hii kiitwacho youtube-dl, kilichoanza mwaka 2006, kiliondolewa kwenye hifadhi ya GitHub kwa malalamiko ya RIAA, chama cha makampuni ya kurekodi muziki. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo kilirudishwa, baada ya wanasheria kukitetea na baada ya mifano iliyotaja nyimbo za makampuni kuondolewa. Kisu kilirudishwa jikoni, lakini nyama ya jirani imebaki kuwa ya jirani.

Kwa hiyo tunapendekeza sharika zifuate utaratibu ufuatao.

1. Anzeni kwenye mlango wa mwenye mali. Global Health Media Project ya Marekani hutoa bure video za huduma za mama na mtoto mchanga kwa ajili ya kufundishia, na nyingine zimo kwa Kiswahili. Access Agriculture hufanya hivyo kwa video za wakulima. Hawa wameweka wenyewe mahali pa kupakulia, na hakuna haja ya programu ya pembeni.

2. Zikitakiwa faili nyingi kwa pamoja, tumieni hifadhi inayoruhusu. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, imetengeneza yenyewe maktaba ya Python iitwayo internetarchive. Hiyo inaweza kuchagua aina ya faili na kuruka zile mlizokwisha kupata, jambo jema sana umeme unapokatika katikati ya kazi. Hata hapo, someni leseni ya kila video.

3. Kama video iko YouTube peke yake, mwandikieni mwenyewe na kumwomba awatumie faili. Jibu lake litunzwe kwenye jalada la mradi pamoja na stakabadhi.

4. Kabla ya kuonyeshwa, video ya afya itazamwe na muuguzi, ya kilimo itazamwe na afisa ugani. Flashi hueneza kosa upesi kama inavyoeneza mafunzo.

Wafadhili wetu wapendwa, hatuombi mitambo mikubwa. Tunahitaji diski ya kuhifadhia, flashi kwa kila mtaa, na nauli ya vijana wawili kutoka kila jimbo waje kufundishwa kazi hii. Nasi tunaahidi kwamba kila video itakayobeba jina la dayosisi itakuwa na karatasi inayoonyesha ilikotoka na kwa idhini ya nani.

Kamati za sharika, tunaomba kila moja ilete orodha ya mafunzo matatu yanayohitajiwa zaidi na watu wake. Chombo ni chepesi na kijana atakijifunza kwa siku chache. Kuchagua kilicho cha kweli na kuomba ruhusa ndiyo kazi nzito, na hiyo haifanywi na kompyuta. Ni yetu sisi.