Waya wa televisheni wa kronor 900

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza jambo hili. Umenunua televisheni, muuzaji anakwambia bila waya huu wa HDMI wa kronor 900 picha haitakuwa safi.

Posho ya etablering ni kronor 308 kwa siku. Waya huo umekula karibu siku tatu.

Waya wa HDMI hubeba picha na sauti kama tarakimu, sifuri na moja. Zikifika zote, picha ni ileile, waya uwe wa kronor 100 au 900. Dhahabu kwenye ncha haiongezi rangi. Zisipofika utaona mwenyewe: vidoa vinametameta, skrini inazimika, sauti inakatika. Si kama antena za kule nyumbani, ambako chenga ziliongezeka kidogo kidogo.

Tazama maandishi ya kwenye boksi. Kwa televisheni ya 4K, "Premium High Speed" inatosha. Urefu wa mita mbili unatosha pia. Nani hapa Alby ana sebule ya mita kumi? Waya mrefu hivyo ndio wenye haja ya kuchaguliwa kwa makini.

Ukinunua mtandaoni, sheria inakupa siku 14 za kughairi, ndiyo ångerrätt. Dukani sheria haikupi haki hiyo. Kabla ya kulipa uliza: "Har ni öppet köp?" Wakikubali, iandikwe kwenye risiti. Wakikusumbua, wapigie Konsumentverket, ushauri wao ni bure. Ukikwama na Kiswidi, njoo na risiti tupige pamoja.