Shule Ndogo Katika Mji Mkubwa

Mwaka 1985 Bibi Deborah Meier alianzisha shule ya sekondari katika mtaa wa East Harlem, mjini New York. Wengi wa wanafunzi walikuwa watoto wa Wamarekani weusi na wa jamaa zenye asili ya Puerto Rico, nao wengi walikuwa maskini. Shule haikuzidi wanafunzi 500. Mwalimu mmoja alifundisha lugha pamoja na historia, mwingine hesabu pamoja na sayansi. Hivyo kila mmoja aliwaangalia wanafunzi wapatao 40 tu. Mwalimu mwenye watoto 150 ajitahidi kukumbuka majina yao. Mwenye 40 hutambua ni nani asiyeelewa somo la jana. Hapo mtoto hana pa kujificha, wala hasahauliwi.