Chungu Chetu na Afya ya Waume Zetu

(Mazungumzo ya Mweka Hazina wa kwanza wa kikundi, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Nimepewa nafasi nizungumzie afya. Mwenyekiti alidhani nitasema habari za uzazi. Nikamwambia, mama, uzazi tumeuzungumza miaka kumi yote. Leo nataka kuzungumza juu ya tezi dume. (Kicheko.) Chekeni, lakini msikilize. Karibu wote hapa ni mama lishe. Mchana tunawapikia wanaume wa stendi, jioni tunawapikia wa nyumbani. Nani wa kulisema jambo hili kama si sisi?

Wengi wenu mnakumbuka mwaka wetu wa tatu. Mume wangu alikuwa anaamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Nikimuuliza, anasema ni maji ya kunywa. Mimi nikanyamaza, naye akanyamaza. Usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa. Tulimfikisha hospitali akilia kama mtoto, wakamwekea mpira. Vipimo vilipotoka, ilikuwa saratani, na ilikwishafika kwenye mifupa. Nauli na dawa mlinisaidia ninyi, kwa Mfuko wa Jamii. Mazishi pia.

Siku ya matanga wifi yangu mmoja alisema mbele za watu: "Huyu amemuua kaka yetu kwa mafuta yake." Jamani, neno lile nililala nalo miaka mingi. Ni kweli nilikuwa nampikia nyama ya nundu, wali wa samli, supu ya makongoro. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa upendo. Mwishowe nikaenda kwa dada mmoja muuguzi, nikamwuliza: mafuta yangu yalimuua? Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kusoma, na niliyoyapata ndiyo nawaletea.

Tezi dume ni kitu kidogo, kama ndimu ndogo, kilicho chini ya kibofu. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Mwanaume akizeeka huwa inakua, ikabana ile njia. Kukua huko si saratani. Lakini saratani nayo ipo, na mwanzoni mara nyingi haina dalili hata moja. Mwaka 2022 duniani waligunduliwa wagonjwa wapya karibu milioni 1.5. Hatari huongezeka kwa umri, kwa mwenye baba au ndugu aliyeugua, na kwa watu wa asili ya Afrika. Hayo matatu hayatoki jikoni kwa mtu.

Sasa mafuta. Ukijikata kidole, kinakuwa chekundu, cha moto, kinavimba. Ni askari wa mwili wamefika kazini. Wataalamu wanaita mchochota. Kazi ikiisha, askari waondoke. Shida ni pale wanapokaa ndani ya mwili miaka na miaka, wakiharibu hata kilicho kizima. Madaktari wakichunguza tezi dume za wanaume wazima, mara nyingi huwakuta askari hao. Na katika majaribio, mafuta mazito yakizidi huwachokoza. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta mengi ya wanyama, saratani yao ya tezi dume ilipata nguvu zaidi. Na kwa wanaume wagonjwa, mafuta hayo yaliambatana na saratani kali.

Lakini sikilizeni vizuri. Panya si mtu, na mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja limzae mwenzake. Hakuna daktari anayeweza kusema sahani fulani ndiyo iliyomuua fulani. Kwa hiyo wifi yangu alikosea. Ila na mimi siwezi kusema chungu hakihusiki kabisa. Unene uliopita kiasi unahusishwa na saratani ya tezi dume iliyokomaa, na mafuta mazito yanaumiza moyo, hilo halina ubishi.

Mafuta mazito ni yapi? Katika vijiko kumi vya samli, kama sita ni hayo. Mawese, kama vitano. Mafuta ya nazi, zaidi ya vinane. Alizeti, kimoja tu. Msidanganyike kwa kuwa mafuta ya nazi hayagandi kwa joto letu la Tanga! Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku. Vijiko vitatu vya mezani vya samli vinatosha kuvuka kiasi hicho.

Sisemi tuache nazi. Nasema tui liwe jepesi, nyama tuipunguze mafuta kabla ya kuipika, na dagaa, maharage na mboga za majani vipate nafasi. Karanga na korosho pia. Mwaka 2013 utafiti wa Marekani wa wanaume 4,577 wenye saratani ambayo haijasambaa ulionyesha kuwa waliokula zaidi mafuta ya mimea, badala ya sehemu ya wanga, walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa ugonjwa huo.

Na wale wanaouza vidonge vya "kusafisha tezi" kwenye mabasi, wapisheni. Vitamini E ilijaribiwa Marekani kwa maelfu ya wanaume. Mwaka 2011 ikaonekana waliomeza walipata saratani zaidi, kwa asilimia 17.

Akina baba, mkojo ukisitasita, ukiwa mwembamba, ukiwaamsha usiku, au mkiona damu, semeni. Akina mama, tuulize, tena tusikubali jibu la maji ya kunywa. Wataalamu wa Marekani wanashauri mwanaume mwenye asili ya Afrika aanze kuongea na daktari juu ya vipimo akiwa na miaka 45, hata kama haumwi. Kipo kipimo cha damu kiitwacho PSA. Chungu kizuri hakichukui nafasi yake.

Mwisho nina ombi moja. Katiba yetu ina kifungu cha mazishi ya mume. Kifungu cha nauli ya kumpeleka akapimwe hakimo. Mkutano ujao naomba tukiweke. Mimi nitatoa hisa yangu ya kwanza.

 Chakula kiko tayari, na samli leo nimeipima mwenyewe.