Redio ya Wote Sebuleni
Mazungumzo ya fundi wa redio mbele ya wananchi wa Karagwe na Kyerwa



Nimeombwa nieleze namna ya kuipata sauti njema ya redio katika sebule inayotumiwa na watu wote wa nyumba. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilimnunulia mama yangu sabufa, nikaiweka pembeni mwa sebule yake, nikafungua besi hadi mwisho, nikaondoka nikijivuna. Miezi michache baadaye redio ilitangaza kwamba chanjo ya mbuzi itatolewa kijijini kwao Jumatatu. Yeye alisikia Jumatano. Alipowapeleka mbuzi wake wanne, wachanjaji walikwisha kwenda kata nyingine, na wawili kati ya mbuzi hao hawakuumaliza mwaka. Tangazo lilikuwa sahihi, na masikio ya mama si mabovu kuliko ya wazee wengine wa umri wake. Chombo nilichomletea ndicho kilichomeza herufi.

Tuyatazame maneno hayo mawili. Jumatatu na Jumatano hutofautiana mwishoni tu, na tofauti kubwa imo katika konsonanti. Sauti za konsonanti ni dhaifu, na nyingi kati yake hukaa katika masafa ya juu, yapata hetzi 2,000 hadi 4,000 na zaidi. Besi hukaa chini kabisa, chini ya hetzi 120 hivi, nayo ikizidi huzifunika zile za juu. Tena uzee huanza kwa kuondoa usikivu wa masafa ya juu. Basi bibi husema, "Ongeza sauti," nasi huongeza yote pamoja, besi ikiwa ya kwanza, naye haelewi zaidi ya alivyoelewa mwanzo. Dawa ni kupunguza besi, kuinua trebo kidogo, na kuiacha sauti yenyewe palepale.

Kona nayo ina ujanja wake. Sanduku la besi likikaa penye makutano ya kuta mbili na sakafu, kuta hizo huirudisha besi chumbani, nalo hunguruma kuliko lilivyotengenezwa. Lisogezeni mbali na kona, hatua moja au mbili, na mtasikia tofauti kabla hamjagusa kitufe chochote. Spika ndogo nazo zisiwekwe juu ya kabati karibu na dari, wala sakafuni nyuma ya kochi. Ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Na vile vitambaa vya kufuma tunavyovifunikia redio, ambavyo najua ni heshima ya nyumba na kazi ya mikono ya dada zetu, viwekwe juu ya chombo visiteremke mbele ya spika. Kitambaa kizito huzuia zile konsonanti tunazozitafuta, na kikifunika matundu ya nyuma huunguza mashine. Nimekwisha kufungua nyingi zilizokufa kwa joto la namna hiyo.

Sasa nyumba yenyewe. Katika nyumba ya msonge ya wazee wetu, paa lilikuwa la nyasi na sakafu ilitandikwa nyasi, navyo vyote viwili hunywa sauti. Mpiga enanga, ambayo ni ala ya sauti ya upole, aliketi humo akasikika na kila aliyenyamaza. Leo tuna saruji chini, lipu ukutani na bati juu, na sauti hugonga huku na kule kama mpira. Simameni katikati ya sebule, mpige kofi moja. Mkisikia mlio unaofuata kofi, chumba kina mwangwi, na hakuna sabufa ya bei yoyote itakayouondoa. Mkeka mnene au zulia, pazia zito lenye mikunjo, makochi ya kitambaa, hata blanketi lililotundikwa ukutani mkabala na spika, hivyo ndivyo viondoavyo. Gharama yake ni ndogo kuliko redio mpya.

Vijana huniuliza juu ya stereo. Ni kweli kwamba spika mbili na msikilizaji wakifanya pembetatu yenye pande sawa, muziki hutandazika mbele yake vizuri mno. Lakini pembetatu hiyo ina kiti kimoja tu. Sebule yenye watu tisa, mmoja akiandika kazi ya shule mezani na mwingine akibembeleza mtoto, haina kiti cha mfalme. Mimi nashauri spika zisogezwe karibu na yule asikiaye kwa shida. Pasipo kuta, ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 za ziada. Chumbani hupungua kiasi, lakini bibi hupata faida na mwanafunzi haongezewi kelele.

Na redio inayopokea mawimbi ya FM kwa shida, kama ilivyo katika mabonde yetu, igeuzwe kutoka stereo kwenda mono ikiwa ina kitufe hicho. Mchakacho hupungua papo hapo. Waya wa sentimita 75 hivi, uliosimamishwa wima karibu na dirisha, huwasaidia wengi kuzipata Redio FADECO na Radio Karagwe bila kukwaruza.

Juu ya majirani nitasema machache. Pazia halizuii besi, hupita ukutani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele za mwaka 2015 zinamhusu pia mwenye sabufa ya nyumbani, ila sijaona shauri la namna hii lisiloweza kumalizwa na mwenyekiti wa kitongoji. Kuhusu masikio yetu wenyewe, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mkilazimika kupaza sauti ili mzungumze na aliye hatua moja kutoka kwenu, mmekwisha kuupita.

Nilirudi kwa mama nikayafanya haya yote kwa alasiri moja, pamoja na kuhamisha kochi lake. Husikia majina ya siku sasa. Lililobaki ni mvua juu ya bati, maana nyumba yake haina dari, na hiyo sikuishinda. Mvua ikianza, yeye huizima redio, na ikikatika hunipigia simu kuuliza nini kilitangazwa.