Nchi ya Bonde: Miti na Miche Yake



Siku ya jubilei twamshukuru Mungu kwa mengi, na mojawapo ni nchi aliyotuweka. Basi na tuitazame.

Wilaya ya Muheza, nchi ya Wabondei, iko kati ya pwani ya Tanga na milima ya Usambara. Na jina la Bonde latosha kuieleza. Hapa Magila wamisionari wa U.M.C.A. waliotoka Unguja walianza kazi mwaka 1868, na hapa Hegongo Askofu Frank Weston alifariki mwaka 1924. Reli ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Mashamba ya mkonge yakaenea, yakavuta vibarua wa makabila mengi kutoka mbali. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, wengi wao hawakurudi makwao. Watoto wao ni ndugu zetu. Leo twaishi kwa mihogo, minazi na michungwa.

Huko juu ni Amani, ambako Wadachi waliweka mwaka 1902 kituo cha kuchunguza mimea. Wenyeji wa milimani hulima chai, mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki. Mto Zigi hushuka kutoka misitu hiyo, na mji wa Tanga hunywa maji yake. Hivyo akataye mti juu humnyima jirani yake wa chini, ajapokuwa hamjui.

Sasa twasema neno letu. Iliki hupenda kivuli. Mkulima huiacha miti mikubwa, akafyeka vichaka na miche iliyo chini. Apitaye hutazama juu akasema, "Msitu upo." Lakini miti ile mizee ikianguka, hakuna wa kushika mahali pake. Kwa sababu hiyo pia sehemu kubwa ya misitu ya Amani iliwekwa hifadhi mwaka 1997.

Ndugu, twaogopa lisitupate lilo hilo. Wazee wamejaa kanisani, nasi twafurahi. Lakini vijana wetu wangapi wamekwenda mijini, wala hatukuwauliza habari zao?

Basi twawaomba mambo mawili. Walimu, pandeni miti kandokando ya vijito pamoja na watoto, mkawaeleze sababu. Wazazi, kila mtaa uyaandike majina ya vijana wake walio mbali, uwaombee, uwapelekee salamu. Tusiridhike na kivuli tulichorithi, tuilee miche.

Mungu aibariki nchi yetu. Amina.