Wadudu wa Mawaridi: Adui na Rafiki

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vyama vya msingi)



Mkulima aonapo kidudu juu ya waridi, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kulitafuta bomba la dawa. Fedha hutumika, sumu humwagika, na baada ya majuma machache wadudu huweza kuwa wengi kuliko kwanza. Sababu yake ni kwamba bomba halichagui: humwua adui, na humwua pia yule aliyekuwa akimla adui. Yafaa basi kujua kwanza ni nani aliye juu ya jani.

Wa kwanza ni kidukari. Hukaa kwa makundi kwenye machipukizi na chini ya matumba, akifyonza utomvu. Jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai. Na penye joto la kutosha mtoto naye huanza kuzaa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Hutoa maji matamu, na sisimizi huyafuata na kumlinda kama mchungaji alindavyo ng'ombe wa maziwa. Lakini maadui zake ni wengi. Yuko mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, pamoja na mtoto wake mweusi mrefu, ambaye wengi humwua wakidhani ni mharibifu. Yuko pia nyigu mdogo mno, atagaye yai ndani ya kidukari; kidukari huyo huvimba na kukauka, akawa wa rangi ya kahawia. Mkulima aonaye vidukari waliovimba hivyo asinyunyize dawa, maana kazi imekwisha kuanza.

Wa pili ni utitiri mwekundu. Huyu ana miguu 8, naye ni wa ukoo wa buibui. Huishi upande wa chini wa jani, hufuma utando mwembamba, na jani hupauka kwa vidoadoa. Hupenda joto na ukavu, na huizoea dawa upesi. Katika mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, wakulima humtumia utitiri mwingine, Phytoseiulus persimilis, ambaye chakula chake ni utitiri huyo. Kwa bustani ya nyumbani, kuosha majani kwa maji upande wa chini husaidia sana.

Wa tatu ni nyuki akataye majani kwa umbo la nusu duara. Halili jani hilo. Hujengea kiota chake. Huyu huchavusha maua, na aachwe.

Wa nne ndiye mzito. Ni kiwavi wa nondo aitwaye kwa Kilatini Thaumatotibia leucotreta, mwenyeji wa Afrika, aingiaye ndani ya machungwa, pilipili hoho, vitumba vya pamba, na tumba la waridi. Bomba halimfiki akiwa ndani. Tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya umeyawekea mawaridi yatokayo katika nchi zenye nondo huyu masharti maalumu, na kiwavi mmoja akionekana, shehena nzima yaweza kukataliwa.

Hapa ndipo ushirika unapohusika. Nondo haujui mpaka wa shamba. Mwanachama aachaye machungwa yaliyooza chini ya mti humlelea jirani hasara, hata kama yeye mwenyewe hana waridi hata moja. Waridi la mapambo mlangoni nalo laweza kumlea nondo huyo.

Kwa hiyo kila chama kiwahimize wanachama kufanya mambo matatu: kukagua majani na matumba kila juma, juu na chini, kuokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia kwa kina, na kutoazima bomba kabla mdudu hajatambuliwa. Kazi hizo hazihitaji mkopo. Zahitaji macho, na jirani kumwamini jirani.